Usisawazishe kempa kwa jeki, sawazisha ardhi

Huku kusini mwa Tanzania pikapu haiwezi kukaa na kempa, kile kijumba cha kulala safarini, mgongoni mwaka mzima. Oktoba korosho zikianza kuuzwa, gari linatakiwa kubeba magunia kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa hiyo kempa inashushwa uani na kusimama kwa miguu yake minne ya jeki. Siku hiyo ardhi imekauka, ni ngumu, na kila kitu kinaonekana kimetulia. Mvua za Novemba au Desemba zikifika, udongo uleule unalainika na mguu mmoja wa upande wa bonde unaanza kuzama. Kwenye viwanja vya mteremko, kama vile vya Mikindani au vya mlimani Lindi mjini, hatari inaanzia hapo.

Njia iliyozoeleka ni kurefusha miguu ya upande wa chini mpaka kempa ikae sawa. Naipinga kabisa. Mguu wa jeki umetengenezwa kubeba uzito unaoshuka wima. Ukiuvuta karibu na mwisho wake, bomba la ndani linabaki limeshikwa na lile la nje kwa sehemu fupi tu, na upepo au mtu anayepanda ngazi anaupinda kwa urahisi.

Kuna na suala la mgawanyo wa uzito. Boksi gumu lenye miguu minne halikanyagi sawasawa pote. Mguu mmoja ukizama kidogo, miwili iliyokaa mshazari ndiyo inabeba karibu mzigo wote. Kempa ya kilo 900 inaweza kuuwekea mguu mmoja kilo 450. Kikanyagio chake kikiwa cha sentimita 15 kwa 15, hizo ni kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, na mchanga mlegevu uliolowa hauhimili. Ukiweka chini yake bamba gumu la sentimita 40 kwa 40, mzigo unashuka chini ya kilo 0.3. Bamba linasaidia, lakini kwa kempa itakayolala miezi minne haitoshi.

Kinachotakiwa ni jembe na mpira wa maji, ule wanaotumia mafundi ujenzi kupima usawa. Pima tofauti ya kimo kati ya mahali pa miguu ya juu na ya chini. Mteremko wa asilimia 8 kwenye urefu wa mita 3 ni sentimita 24. Tofauti hiyo iondoe kwa kukata upande wa mlima. Usiimalize kwa kujaza kifusi upande wa bonde: kifusi, hata kikishindiliwa, kitadidimia mvua ikinyesha, na ndipo hasa miguu miwili ingesimama. Miguu yote ikae juu ya udongo uliokatwa.

Hapo mwaga vitako vinne vya zege, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 15, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha na kubaki. Vikiwa bado vibichi, chomeka kwenye kila kimoja nondo ya milimita 12 iliyokunjwa kama ndoano, ya kufungia mkanda wa kuishika kempa. Pima tena kwa mpira wa maji. Vikitofautiana kwa sentimita moja si neno. Vimwagilie siku saba kabla ya kuvipa mzigo. Upande wa mlima chimba mtaro wa sentimita 30 kwa 30 unaozunguka na kumwaga maji mbali, kwa sababu maji yanayopita chini ya kitako yanakula mchanga bila wewe kuona. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Kitako cha zege kisicho na mtaro kitafanywa nini?

Sehemu iliyosawazishwa ikiwa fupi kuliko gari, elekeza pua ya pikapu bondeni. Ukirudi kubeba kempa utarudi nyuma ukipanda, na ukiachia mafuta gari linapunguza mwendo lenyewe. Ukielekea mlimani ni kinyume chake: uzito wa gari unalisukuma kwenye kempa, na ukitoka, paa la kabini linapanda na kuisogelea pua ya kempa. Kuegesha kwa ubavu wa mteremko ndiko kubaya kuliko kote. Gari linalala upande mmoja, na nafasi ya sentimita chache kati ya matairi na miguu inaisha upande huo.

Siku ya kushusha, handibreki, gari kwenye giya, kabari kwenye matairi yote ya nyuma. Chomoa plagi ya umeme kwanza, kisha fungua vifungio. Plagi inasahaulika sana na nyaya zinang'oka gari likitoka. Inyanyue kempa kwa kurefusha miguu kwa zamu, sentimita chache kila mmoja, huku mbele ikibaki juu kidogo, kwa kuwa sehemu inayoning'inia juu ya kabini inavutia uzito mbele. Springi za gari zitafuata kempa juu, kwa hiyo usidhani imeachia mpaka uone mwanga kati ya bodi na sakafu yake kote. Toka taratibu, na mtu asimame nje akiangalia miguu ya nyuma.

Kisha ishushe chini kadiri inavyokubali, ukaze mihimili ya mninga au stendi za chuma chini ya sakafu, na jeki zibaki kuishikilia tu. Jeki za haidroliki zinavuja polepole, usiziachie mzigo miezi. Tofali za saruji zinazofyatuliwa mtaani siziamini: nyingi zina saruji kidogo na zinapasuka ghafla, bila kuonya kwa ufa. Mbao laini zinaliwa na mchwa kabla mvua haijaisha, na hata mninga uweke juu ya zege, usiguse udongo.

Usiiweke chini ya mnazi. Nyuma iwe chini kwa sentimita moja au mbili ili maji ya paa yatoke. Funga gesi, chomoa waya hasi wa betri, acha tundu za hewa wazi zenye wavu, la sivyo magodoro yatashika kuvu. Chumvi ya bahari inakula skrubu za jeki haraka: zisafishe kwa maji yasiyo na chumvi, zikauke, kisha paka grisi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza pima tena vitako vyote vinne.