Mama amekataa

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Nyawera, Bukavu. Mpwa wangu, ambaye hulala humo kama mlinzi, alikuwa anacheza mpira kwenye kompyuta ya kazi mpaka majogoo. Nikasema huyu nitamkomesha. Nikawasha mashine, nikagonga F2 kama anayebisha kwa mdeni wake, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, na kuweka nenosiri: mama. Zikatokea nyota nne. Nikabonyeza F10 kuhifadhi, nikatoka kifua mbele.

Wiki mbili kijana alilala fofofo. Kisha nikamwagia kibodi chai ya maziwa. Kwa sukari ninayotia mimi, vitufe vilinata kama ulimbo. Nikanunua nyingine ya mtumba, safi, imetoka Dubai.

Asubuhi, mama. Imekataa. Mama tena, polepole, kwa kidole kimoja. Imekataa. Mara ya tatu skrini ikaganda kabisa, ikabidi nizime na kuwasha upya. Na nyuma yangu kasimama mwanafunzi, TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo, iko kwenye flashi na siku ya kuikabidhi ndiyo hiyo.

"Umegusa nini?" nikamfokea mpwa wangu.

"Tonton, sikugusa kitu. Nililala."

Nikamwita mwongo mbele za watu. Hakujibu. Alikwenda kwenye takataka, akaokota ile kibodi ya chai na kuilaza kando ya mpya.

"Tonton, hapa A ilikuwa wapi?"

Lo! Kwenye kibodi yetu ya Kifaransa, A imekaa pale Waingereza wanapoweka Q. M iko kando ya L, pale penye nukta mkato yao. Na kibodi haipeleki herufi, inapeleka namba ya kitufe tu. Windows ndiyo inayojua kwamba wewe ni mtu wa Kifaransa. BIOS inaamka kabla ya Windows, na kwake kila kibodi ni ya Mmarekani. Kumbe jina tamu la mama yangu, tangu siku ya kwanza, lilikuwa ;q;q.

Kijana akagonga. Ikafunguka. Mwanafunzi akamshukuru yeye, mimi akanipa flashi.

Jioni nikabadilisha nenosiri, nikaweka soko, maana S, O na K hazihami. Nilizigonga huku nikizitaja moja moja kwa sauti, nisikosee tena.

Asubuhi nilipogusa boksi la kompyuta, lilikuwa la moto.