Nauza Mishumaa Jamani, Sifugi Majini

Mimi biashara ya mishumaa niliingia kwa hesabu, sikukurupuka. Mwishoni mwa 2023, mnakumbuka wenyewe, mgao wa umeme ulikuwa umekolea. Hapa Mbagala simu tulikuwa tunazichaji kwa zamu kama watu wa foleni ya maji. Nikajisemea, mzee, riziki hiyo imekuja mpaka mlangoni. Hela niliyokuwa nimeidunduliza ya kodi nikapanda nayo daladala hadi Kariakoo, nikarudi na mabonge ya nta.

Februari 2024, nta haijapungua hata robo, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha. Megawati 235. Nikasema si neno, ni mmoja tu. Kumbe iko tisa! Kila redio ikitangaza mwingine umeingia kwenye gridi, mtaa mzima unashangilia, mimi naitazama nta yangu. Megawati 2,115 zote hizo dhidi ya mtu mmoja na sufuria.

Binti yangu Rukia, yuko chuo, ndiye aliyenifungua macho. "Baba, mshumaa wa giza umepitwa na wakati. Siku hizi watu wanawasha mshumaa na taa inawaka." Nikamuuliza, kulikoni? "Kwa ajili ya harufu, baba. Na kutuliza akili." Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo ukiwasha mshumaa na taa inawaka, unachapwa. Lakini nta ninayo, na mwenye nyumba naye anaanza kukohoa kila akipita dirishani kwangu. Nikageukia mishumaa ya kunukia.

Nilidhani ni kuyeyusha nta, unadondoshea marashi, kazi imekwisha. Wapi! Ile ya soya ina maringo kuliko bibi harusi. Unaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, maana ukiiweka motoni moja kwa moja inaweza kushika moto, na ikishika moto usiimwagie maji, inaruka. Hilo nalijua kwa nyusi zangu. Zimeota tena, asanteni kwa kuuliza. Ikipita nyuzi 80 kidogo ndiyo unatia mafuta ya harufu, gramu 8 kwa kila gramu 100 za nta. Ukizidisha, mshumaa unatoka jasho kama mbeba zege. Ukishaganda, bado huuzi: unaulaza kabatini hadi wiki mbili ili harufu ikomae. Achari ya mama mkwe wangu inaanikwa siku tatu, ya nne tunalia wali. Mshumaa wiki mbili!

Halafu kuna habari ya tambi. Nilimpa shemeji yangu, mdogo wake mama Rukia, shilingi elfu kumi: kimbia kaniletee tambi, ziwe nyembamba. Karudi na pakiti mbili za tambi, chenji kamili, na swali: "Shemeji, tunapika za nazi au za kukaanga?" Ramadhani ilikuwa inakaribia, siwezi kumlaumu. Tulipika za nazi na iliki.

Tambi za pamba nikazifuata mwenyewe, na muuzaji akanipa roli zima akisema hizi ni saizi ya kila kitu. Uongo mtupu. Utambi mwembamba kwenye chombo kipana hauyeyushi nta yote. Unachimba shimo katikati kama fundi kisima, unashuka nalo, mwisho unazama na kuzimika huku kuta za nta zimebaki zimesimama. Roli hilo ninalo mpaka leo. Silitupi, nililinunua.

Glasi nazo zikapanda bei, nikapata akili: vifuu! Mama muuza nazi sokoni alinipa mfuko bure, akanionea na huruma. Nikavisugua kwa msasa, nikavipaka mafuta, viking'aa utadhani vimetoka hotelini. Nikavipanga ishirini mezani, nikamimina nta, nikatoka kunywa chai. Sasa nazi ina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini, ndilo chipukizi linapotokea. Kila aliyewahi kukuna nazi anajua. Mimi sikuwahi. Nazi kumi ukizivunja unapata vifuu ishirini, na macho yote yako upande mmoja; kwa hiyo niliporudi, vifuu kumi vilikuwa vimetulia na kumi vilikuwa vinalia. Nta imeteremka mezani, imekwenda kwenye kapeti, imegandisha ndala yangu ya kulia sakafuni.

Mama Rukia akasimama mlangoni, akatazama, akasema taratibu, "Ungenisaidia kukuna nazi hata siku moja, baba Rukia, ungejua." Sina la kuongeza hapo. Siku hizi ule upande wenye macho naziba kwa nta ya nyuki kwanza.

Wateja sasa. Mteja wa Mbagala ana swali moja tu: "Unaua mbu?" Nimetengeneza wa mdalasini, anauliza unaua mbu. Wa vanila, unaua mbu? Nikaona nitengeneze wa mchaichai niwanyamazishe. Akaja dada mmoja, akaunusa, akaugeuza. "Unaua?" Nikamwambia ukweli, hauui, unawasumbua kidogo. "Elfu kumi na mbili, mbu asumbuke tu?" Akaurudisha mezani kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mama mkwe yeye ni mtu wa Tanga, hajawahi kunitukana. Alipokuja kututembelea alitoa chetezo kwenye mkoba wake, akaomba kaa moja la moto, akatia kipande cha udi kidogo kuliko ukucha. Nyumba nzima ikanukia, nguo kabatini zikanukia, mpaka mtoto wa jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Kisha akanitazama mimi na glasi yangu. "Mwanangu, na huo wako unaanza saa ngapi?"

Oda kubwa niliyowahi kupata ilikuwa ya kichen pati, mishumaa arobaini, huko Mikocheni. Mwezi wa pili, jua la Dar linapiga kama linadai. Nikaifunga kwenye boksi nyuma ya bodaboda, dereva akapita kila tuta la Kilwa Road kwa mbio zilezile. Tulipofungua boksi, nta ilikuwa imelainika njiani ikalalia upande mmoja. Arobaini yote imeinama kwa pamoja, utadhani iko kwenye rukuu. Dada mwenye shughuli akaangalia kimya. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa hivi. Akanilipa nusu, na kwenye picha za shughuli naiona imepangwa kwa uelekeo mmoja, haki ya Mungu ilipendeza.

Lakini haya yote si kitu. Kilichonivunja nguvu ni asumini.

Ninatengeneza usiku, kwa sababu mchana jiko ni la mama Rukia. Siku hiyo saa sita usiku nilikuwa namimina ya asumini, dirisha wazi, upepo unaelekea kwa mama Rajabu. Nyinyi watu wa bara labda hamjui, lakini sisi wa pwani ukisikia harufu ya asumini usiku wa manane na hujui inakotoka, hutoki nje kuuliza nani kajipaka. Nikasikia dirisha la jirani linafungwa, pa! Kisha Ayatul Kursi, kwa sauti. Kisha watoto wanaamshwa na wao wasome. Nami kwa unyenyekevu nikaona nisitoke kueleza, maana mtu ukimtokea gizani na sufuria inayofuka asumini, unaweza ukazikwa kabla hujamaliza sentensi.

Asubuhi mjumbe akabisha hodi, nyuma yake mama Rajabu na wazee wawili. "Baba Rukia, kuna taarifa kwamba unafuga." Nafuga nini, kuku wenyewe sina! Nikawaonyesha sufuria, nta, chupa ya mafuta. Mjumbe akanusa chupa, akarudi nyuma hatua mbili. "Ndiyo huyu," akasema. Ikabidi niwashe mshumaa mbele yao, waone kwa macho hakuna anayetokea. Tukakaa robo saa nzima tunautazama, watu wazima sita. Hakutokea mtu, akapita paka tu, mama Rajabu nusura azimie.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba akaja, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Nikampa shikamoo, nikaanza kueleza habari ya kodi, akanikatiza. "Hiyo baadaye. Nasikia una mshumaa wa jini."

"Ni asumini tu, mzee."

"Huohuo. Nipe miwili." Akakaa kwenye kiti, akateremsha sauti. "Nina mpangaji mmoja, miezi mitatu ananipiga chenga. Kila nikimfuata ana hadithi mpya. Nataka usiku apate harufu kidogo, ahame mwenyewe kwa heri, tusifikishane kwa mjumbe."

Nikamsikitikia kweli. Wapangaji wa siku hizi hawana haya, nikamwambia. Nikampa miwili ya vifuu kwa bei ya jumla, elfu ishirini, akalipa taslimu, na nikamwelekeza bure kabisa: auweke nje, chini ya dirisha la chumba cha kulala, upande unaotoka upepo, kuanzia saa saba usiku ndipo usingizi unapokuwa mzito. Akanishukuru sana. Akaniombea dua hata.

Jana usiku nimeshtuka usingizini. Mama Rukia kanikamata mkono, kucha zote tano zimeingia. "Baba Rukia, umewasha?" Sijawasha. "Umeacha chupa wazi?" Sijaacha. Chumba kizima asumini. Akavuta shuka hadi kichwani, akaanza kusoma.

Nikanyata mpaka dirishani, nikafunua pazia kidogo. Chini kabisa ukutani kulikuwa na kifuu, mwanga wake unachezacheza, na gizani hatua chache kutoka pale, mtu mzima anajizuia kukohoa.

Nikarudi kitandani, nikavuta upande wangu wa shuka. "Lala, mama Rukia," nikamwambia. "Huo nimeutia utambi wa lile roli. Kabla ya adhana utakuwa umezama."