Plastiki kuwa dizeli: ugumu hauko kwenye tanuri

Kila baada ya miezi michache husambaa video ya kijana aliyechomelea bomba kwenye pipa, akapasha moto plastiki, akapata kimiminika cha rangi ya chai na kukimimina kwenye jenereta. Jenereta inanguruma, watu wanadai serikali imwezeshe. Anayeuliza maswali huambiwa ana wivu, au ametumwa na kampuni za mafuta.

Kijana hadanganyi. Polietilini, ile plastiki ya madumu na mifuko, imetokana na mafuta, na kilo yake bado ina nishati karibu sawa na kilo ya dizeli. Ukiipasha hadi nyuzi 400 au 500 bila hewa haiungui. Minyororo yake mirefu ya molekuli inakatika, mvuke unatoka, ukipozwa unakuwa mafuta. Gesi isiyoganda inarudishwa chini ya tanuri kuwa moto. Wanaomtetea wana hoja nzito zaidi ya hiyo: plastiki hii tunaichoma tayari, nyuma ya nyumba na madamponi, na moshi wake tunauvuta bure. Afadhali basi iendeshe kitu.

Ningekubali, kama taka zingekuwa kitu kimoja.

Nenda kwa mnunuzi yeyote wa plastiki chakavu, Dar es Salaam au Nairobi, uangalie anachopima kwenye mzani. Madumu, ndoo, mabeseni, kreti, viti vilivyovunjika: hivyo ni polietilini na polipropilini, vinasagwa na kurudi sokoni kama ndoo nyingine. Chupa za maji nazo zina wateja wake. Anachokataa ni vifungashio vya biskuti na sabuni vilivyogandishwa plastiki tofauti pamoja na alumini, nailoni zilizojaa mchanga na mabaki ya wali, vipande vya ngozi bandia kutoka kwenye makochi. Sasa lisikilize tanuri. Linataka madumu na ndoo. Halitaki PVC, plastiki ya mabomba na ya ngozi bandia hiyo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini inayotoka kama gesi ya asidi na kutafuna chuma. Halitaki PET, plastiki ya chupa za maji, zenye oksijeni ndani yake, zinazotoa mafuta kidogo na unga wa asidi unaoziba mabomba. Yaani tanuri na mnunuzi wa chakavu wanagombea madumu yale yale, na uchafu uliotuudhi tangu mwanzo unabaki mtaroni.

Nailoni ndiyo inayoweza kunipinga. Ni polietilini, na wanunuzi wake ni wachache. Lakini ya mtaani inabidi ikusanywe, ichambuliwe, ioshwe na kukaushwa, na ni nyepesi mno: gunia zima halina kilo za maana. Nani atamlipa anayeifanya kazi hiyo? Mwenye tanuri hapangi bei ya kuuzia. Tanzania mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, Kenya ni EPRA, na zote mbili hufuata soko la dunia. Mafuta yakishuka bei huko duniani, ujira wa mchambuaji hauna pa kutoka.

Waliokuwa na kila kitu wamejaribu. Sapporo, Japani, ilikuwa na kiwanda cha takriban tani 15,000 kwa mwaka, chenye hatua maalumu ya kuondoa klorini, kikipokea plastiki iliyotenganishwa na wakazi majumbani chini ya sheria ya vifungashio. Kilianza mwaka 2000, kikafungwa 2010. Huko Ashley, jimbo la Indiana, Marekani, kampuni ya Brightmark ilianza mwaka 2019 kujenga kiwanda cha kuchakata tani 100,000 kwa mwaka; Machi 2025 kampuni tanzu iliyokuwa ikikiendesha ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Hao walikuwa na wahandisi, mitaji na malori ya taka yanayofika kwa ratiba.

Na pipa la uani lina hatari yake. Mvuke wa nyuzi 400 ukivuja na kukutana na hewa hulipuka moto. Mafuta yenyewe ni mchanganyiko wa kitu kama petroli, kitu kama dizeli, na nta. Jenereta kuukuu linayavumilia, injini ya gari la kisasa hapana.

Pana mahali yanapofaa: kiwanda chenye mabaki yake safi ya aina moja yasiyo na mnunuzi, na boila lake palepale la kuyachoma mafuta yatakayopatikana. Hapo sina ubishi. Ila halmashauri inayoombwa ardhi na msamaha wa kodi kwa ahadi ya kusafisha jiji ingeanza kwa kuomba karatasi moja tu: nani atachambua taka, kwa shilingi ngapi kwa kilo, na atalipwa na nani mwezi ambao dizeli imeshuka.