Mgeni anayesubiri jibu

Makala ninayoyajibu hapa yanashauri kwamba jumuiya ya mfumo huria wa kusimamia maudhui, yaani programu ya kuendeshea tovuti ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ikuzwe kwa kutafuta waandishi wengi zaidi wa programu. Nakubali kwa sehemu tu. Joomla, mmoja wa mifumo hiyo, ambayo jina lake limetokana na neno letu "jumla", ilizaliwa mwaka 2005 pale waandishi wa programu wa Mambo, mfumo mwingine wa aina hiyo, walipojitenga kwa sababu hawakuridhika na namna mradi ule ulivyosimamiwa. Msimbo walikuwa nao tayari. Walichogombania ni sauti.

Mchango wangu wa kwanza katika mradi mmoja wa aina hii ulikuwa mdogo mno: kitufe cha kuhifadhi makala kilikuwa kimetafsiriwa "Okoa", nami nikapendekeza "Hifadhi". Pendekezo hilo lilikaa miezi mitano bila hata mtu wa kusema ameliona, nikaondoka. Katika mradi mwingine mhakiki alinijibu siku iliyofuata, akanionyesha sehemu nyingine tatu zenye kosa lilelile na kuniomba nizirekebishe mwenyewe. Bado nipo huko, na sasa mimi ndiye ninayewajibu wageni wa tafsiri.

Leseni ya GPL, leseni ya programu huria ambayo Joomla huitumia, inampa kila mtu haki ya kuubadilisha mfumo, lakini haimpi wa kumpokea. Kwa hiyo namwomba mwandishi wa makala, akirudi kwenye mada hii, achunguze mgeni husubiri siku ngapi kabla mchango wake haujasomwa, na ni nani hasa aliyekabidhiwa kazi ya kuusoma.