Punguzo la kodi limfuate mwajiri anayemsubiri mfanyakazi

Hapa Marekani halikosi kurudi pendekezo hili: mwajiri anayehakiki wafanyakazi wake kwa E-Verify apunguziwe kodi. E-Verify ni mfumo wa serikali unaolinganisha maelezo ya fomu I-9, ile anayojaza kila anayeajiriwa, na kumbukumbu za Social Security (hifadhi ya jamii) na za Idara ya Usalama wa Ndani, ili ijulikane kama aliyeajiriwa ana ruhusa ya kufanya kazi.

Silikubali. Mfumo wenyewe haumtozi mwajiri hata senti. Arizona inawataka waajiri wautumie tangu 2008, na Florida imewabana wenye wafanyakazi 25 au zaidi tangu Julai 2023. Kwa nini tulipie kitu cha bure ambacho wengine wanakifanya kwa lazima?

Kazi ngumu huanza pale jibu linaporudi kwamba taarifa hazilingani. Sisi tuliotoka Kongo tunalijua vizuri jambo hili. Kwetu si lazima mtoto abebe jina la baba; ndugu watatu wa tumbo moja huweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Ukifika kambini, karani anaandika alivyosikia, jina la mwanzo linahamia mwisho, na asiyejua siku aliyozaliwa anaandikiwa Januari 1. Majina hayo tunakuja nayo mpaka huku.

Mwaka juzi nilimkalimania mama mmoja aliyepata kazi ya kufunga nyama kiwandani. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana haki ya kufanya kazi tangu siku anayotua, na yeye alikuwa na kila karatasi. Herufi moja tu ya jina ilipishana. Sheria inampa mtu wa namna hiyo siku 8 za kazi za serikali aanze kufuatilia, na inamkataza mwajiri kumfukuza au kumpunguzia saa shauri likiwa bado linaendelea. Yeye aliambiwa akae nyumbani mpaka makaratasi yatulie.

Sasa mlipe mwajiri yule kwa kila jina analohakiki, halafu muone kama atakuwa na subira na jina lenye utata. Atawakwepa watu wenye majina kama yetu kabla hata hajawapa fomu.

Kama hazina ina fedha za kutoa, ifuate njia ya Work Opportunity Tax Credit, punguzo la kodi kwa waajiri walioajiri watu wanaopata kazi kwa shida, lililoanzishwa 1996. Ile ilihesabu saa: mfanyakazi akitimiza 400, mwajiri alipata asilimia 40 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, kwa kawaida hadi dola 2,400. Basi na hapa anufaike mwajiri aliyemwacha mtu kazini, akamlipa saa za kwenda kurekebisha kumbukumbu, na baadaye mtu huyo akathibitishwa.

Ofisini kwa Social Security ile herufi ilirekebishwa asubuhi moja. Mama aliporudi kiwandani, alikuta nafasi yake imeshachukuliwa.