Mkifyeka vichaka vyote ndege watakaa wapi?

Wiki iliyopita nilipita kwenye kaeneo fulani kenye miti hapa Dar, jina naliacha, pale ambapo ukiingia asubuhi mapema unamsikia ndege dudumizi kabla hata macho hayajazoea kivuli. Nikakuta pamefyekwa. Miti mikubwa ipo, chini peupe, majani makavu yamekusanywa yakachomwa, na jamaa mmoja ananiambia sasa hivi pamependeza, pamekuwa bustani. Hasira niliyorudi nayo nyumbani mpaka leo haijaisha.

Jamani, ndege hakai kwenye mti tu! Tunahesabu miti, tukiiona imesimama tunasema msitu upo. Haya, hondohondo anakula matunda huko juu. Lakini dudumizi maisha yake ni kichakani, anatembea humo chini anakamata panzi na konokono, na kiota anakificha humohumo. Shorwe, kale kandege kenye kishungi, anataka vile vitunda vidogo vya vichakani. Kororo, yule kanga wa msituni, kwenye misitu yetu ya pwani anafukua majani makavu kutwa nzima, wadudu na mbegu ndo ziko chini yake. Kwa hiyo ukichoma majani umechoma chakula chao, ukifyeka kichaka umebomoa nyumba, na ukifanya hayo masika, wakati ndege wengi wanataga, umeua na makinda.

Halafu anakuja kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa hapa, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ale taka, akavuka bahari na leo mji mzima ni wake. Kichaka hana shida nacho, anataka watu na majalala, na anapora mayai na makinda ya wenzake. Kiota kilichofichwa kwenye miba akikipata ni bahati yake, ila kilichobaki peupe anakiona akiwa juu ya bati la jirani. Tunamlalamikia kunguru kila siku huku tunamsafishia njia wenyewe.

Mtaniambia mmefyeka kwa sababu ya nyoka. Nyoka wengi wakisikia hatua wanakukimbia. Vibaka kweli wapo, hapo nakubali shingo upande, dada anayepita pale jioni ana haki ya kuogopa. Basi fyekeni kando ya njia, hatua mbili kila upande, watu waone mbele. Kule bondeni kwa chini, ndani ya kaeneo hakohako, asikopita mtu mlifuata nini?

Kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, nje kidogo ya mji, tumewapigia kelele wachoma mkaa miaka na miaka, sasa huku mjini tunamaliza kilichobaki kwa jina la usafi.

Mvua ndo hizi zinanyesha. Vichaka vikiachwa vitachipua vyenyewe, hakuna wa kudaiwa hela ya miche wala ya maji. Naomba tu fyekeo lisirudi kule bondeni kabla ya kipupwe, na majani makavu yaachwe yalipoangukia.