Barbara Castle: kura za Blackburn, maiti za Hola

Waingereza wengi humkumbuka Barbara Castle kwa mambo ya barabarani. Ndiye waziri wa uchukuzi aliyewaletea madereva kipimo cha ulevi mwaka 1967, kile ambacho Nairobi tunakiita alcoblow. Na mwenyewe hakujua kuendesha gari! Walevi walimtukana wee. Kisha ikaja sheria ya malipo sawa kwa wanawake, 1970, baada ya wanawake washonaji wa kiwanda cha Ford, Dagenham, kugoma. Yote mazuri. Ila mimi nampima kwa jambo ambalo sidhani kama lilimpa hata kura moja.

Castle alikuwa mbunge wa Blackburn, mji wa viwanda vya pamba, tangu 1945 hadi 1979. Mwaka 1955, Kenya ikiwa kwenye Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, alifunga safari kwenda kufuatilia kifo cha Kamau Kichina, mfanyakazi aliyeshukiwa wizi, akateswa na polisi mpaka akafa. Maofisa wa kizungu waliohusika hawakutiwa hatiani kwa mauaji.

Halafu Hola, kambi ya kizuizini huko Kenya. Tarehe 3 Machi 1959 askari waliwashambulia kwa virungu wafungwa wa kizuizini waliokataa kazi ya kulazimishwa, 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikadai wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa kuimeza hadithi hiyo, swali juu ya swali, hadi mjadala wa usiku wa 27 Julai. Cha kuudhi, hotuba inayotajwa zaidi ya usiku ule ni ya Enoch Powell wa chama cha Conservative, huyo huyo aliyekuja kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji mwaka 1968. Alinena vizuri, sikatai. Lakini Castle alikuwa ameishika kazi hiyo miaka minne.

Simpambi. Mwishoni mwa Februari 1968 serikali ya Labour, chama chake, naye akiwa ndani ya baraza la mawaziri, ilipitisha mbio mbio sheria ya kuwabana Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie nchini humo. Hakujiuzulu. Watetezi wake watasema waziri mmoja asingeweza kuizuia. Sawa, lakini hata wale 11 wa Hola hakuwa na uwezo wa kuwafufua, na bado alisimama bungeni akawasemea.